Safu Isiyo na Jina

Miaka thelathini na moja nilipima magunia ya watu
pale Kariakoo, karani wa mizani.
Dalali hakunipunja hata kilo.
Leo, hapa Mtoni Kijichi, napima mililita:
tano saa kumi na mbili, tano saa nne, tano saa nane,
mpaka usiku.

Kwa macho ni maji tu, kwa ulimi ni shubiri,
lakini tangu morfini iingie nyumba hii
nyonga ya Siwatu imenyamaza
kama mgeni aliyeshiba.

Daftarini nina safu nyingine, kulia kabisa.
Haina jina. Sikujua niiandike vipi.
Choo ni neno la watoto na wauguzi.
Haja, basi. Haja kubwa.
Jumatatu, bila.
Jumanne, bila.
Jumatano, vipunje, kama vya mbuzi.
Alhamisi, bila. Ijumaa, bila.

Majirani wakija kumjulia hali
huaga wakisema, "Mungu akujalie haja zako, dada,"
na Siwatu hunitazama,
tunauma midomo tusicheke mbele za watu.
Wangejua.

Tumbo likawambwa kama ngoma.
Changu wa nazi akamsukuma pembeni.
"Nitamweka wapi? Ghala limejaa,
na ufunguo mmeumeza nyie."

Jumamosi nikainua chupa dirishani.
Daftari linasema imebaki theluthi.
Chupa inasema nusu, na ushei.
Karani halali na hesabu isiyolingana.

"Siwatu, dawa inabakije?"
Akageukia ukutani.
"Unanipimia, ukitoka naimimina ndani tena.
Bora nyonga inililie, mume wangu,
kuliko kukaa msalani saa nzima nikikamua jiwe,
nawe nje unauliza, bado? bado?"

Kweli, nilikuwa nauliza.

Nikampigia Sista Tumwagile.
Nikazunguka: mvua, foleni ya Mbagala, bei ya mkaa.
Akanikata. "Baba, mama hapati choo?"
Kirahisi hivyo, kama anayeuliza fungu la nyanya.
"Dawa ikilaza maumivu, utumbo nao huulaza.
Kichwa kitaizoea. Utumbo hauizoei.
Msiipunguze kimyakimya.
Ile ya kulainisha mlianza nayo?"

Ilikuwa kwenye cheti. Mstari wa pili.
Nilidhani ni nyongeza tu,
nikamwambia muuza dawa, hiyo tutarudi.
Elfu tatu na mia tano niliokoa.

"Kanunue leo," akasema. "Kila siku, si mpaka akwame.
Papai, maji, atembee kidogo kadiri anavyoweza.
Akikaa, miguu juu ya kigoda, magoti yapande.
Akitapika, au tumbo lijae asitoe hata upepo,
msingoje kuche, mleteni.
Na wewe, baba, usimsimamie mlangoni."

Vidonge viwili vidogo, vya njano,
havina hata uzito wa punje ya mahindi.
Jioni tukatembea mpaka bomba la Mama Nzowa
tukarudi, hatua arobaini na mbili,
mkono wake umening'ang'ania begani,
tukijifanya tumetoka kuangalia mwezi.

Jumapili, bila.

Jumatatu, adhana ya kwanza, akainuka mwenyewe.
Nikakaa koridoni, mbali kidogo, nikihesabu vigae.
Sikuuliza.
Vigae sitini. Vigae sitini tena.
Bodaboda ikapita, mbwa wa jirani akaitukana.
Kisha sauti, kutoka ndani, ya msichana
niliyemwoa mwaka wa mafuriko:
"Karani, uko hapo?"
"Niko."
"Lete kalamu."

Sikuleta. Mkono ulikuwa unatetemeka.
Nikachukua kopo la maji ya vuguvugu, nikagonga.

Saa kumi na mbili nikapima tano.
Akanywa yote, akakunja uso,
akafunua kinywa,
akatoa na ulimi,
nikague.